Kevin: kutoka mtawa wa pangoni Ireland mpaka Kevo wa mtaani, jina hili lilitufikiaje?

#1 Mpiga Pasi
Wakuu salaam. Shemeji yangu kajifungua mtoto wa kiume na ukoo umegawanyika. Baba mtu anataka Kevin. Bibi kasema hilo ni jina la vijana wa kuvaa heleni, hataki kulisikia. Nikaingia kusoma ili niwe mwamuzi, nikakuta habari ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Jina ni la Kiairishi tupu, kwao huandikwa Caoimhín. Kevin wa kwanza kujulikana ni mtawa aliyefariki mwaka 618, yaani miaka minne kabla ya Hijra. Baada yake wapo wa kila aina: Kevin Barry aliyenyongwa na Waingereza 1920, Kevin Keegan wa Liverpool, Kevin Rudd aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, Kevin Durant wa kikapu, Kevin De Bruyne, Kevin Hart mchekeshaji.

Sasa swali. Kwa zaidi ya miaka elfu jina lilikaa kisiwani kwao. Nani alilitoa? Na huku kwetu lililetwa na nani? Dai langu ni kwamba lililetwa na ile sinema ya mtoto aliyesahaulika nyumbani siku za Krismasi, Home Alone ya 1990, yule mtoto si anaitwa Kevin? Kabla ya hapo Afrika Mashariki hapakuwa na Kevin. Nipingeni.

#2 Chumvi Nyingi
Nimeshakaa. Nani ana karanga?

#3 Kevo wa Umoja
Niaje. Mimi ni Kevin, nimezaliwa Nairobi 1986, na darasa la kwanza tulikuwa Kevin watatu. Mwalimu alituita Kevin Mrefu, Kevin Mweusi na Kevin Makamasi. Sitasema nilikuwa yupi. Dai lako limekufa posti ya tatu, buda, pole sana.

#4 Mpiga Pasi
Kevo, Kenya mlitangulia kwa kila kitu cha mzungu, hilo tunajua. Nazungumzia huku.

#5 Bi Mkora
Makamasi, karibu jamvini.

#6 Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Kabla hamjafika kwenye sinema, mjueni mwenye jina lake.

Mtakatifu Kevin alikaa Glendalough, bonde lenye maziwa mawili katika jimbo la Wicklow, kusini mwa Dublin. Alianza kama mtu wa upweke. Juu ya ziwa la ndani kuna shimo dogo kwenye jabali, mpaka leo linaitwa Kitanda cha Kevin, na hapo ndipo inasemekana alikuwa akilala. Watu wakamfuata, wakawa wanafunzi, mwisho pakawa na monasteri kubwa iliyodumu karne nyingi.

Kisa chake maarufu ni cha ndege. Alikuwa akisali amenyoosha mikono, kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba mkono mmoja ukatokeza dirishani. Ndege mweusi akatua kiganjani, akajenga kiota, akataga. Kevin hakukunja mkono mpaka vifaranga wakaruka. Kingine ni cha mfalme aliyekuwa na bata bukini mzee asiyeweza kuruka tena. Kevin akamwambia, nikimponya, nipe ardhi yote atakayoizunguka. Bata akaruka bonde zima.

#7 Nyamaume
Huyo wa bata alikuwa dalali, si mtakatifu. Kupata bonde zima bila hata senti!

#8 Bi Mkora
Katekista, mbona umeruka kisa cha yule dada? Nimewahi kusoma kwamba msichana mmoja alimpenda akamfuata mpaka pangoni, naye akamsukuma ziwani akafa maji. Mtakatifu gani huyo? Ndege anamvumilia wiki nzima, mwanamke dakika moja tu!

#9 Katekista Mstaafu
Bi Mkora, hilo la kuzama limekolezwa na washairi wa karne ya 19, waliotaka kisa chenye machozi. Kwenye maisha yake yaliyoandikwa kwa Kilatini zamani, kijana Kevin alimchapa kwa majani ya kuwasha, naye msichana akatubu akaishi maisha matakatifu. Hakuna maji.

#10 Bi Mkora
Kwa hiyo hakumwua, alimchapa tu. Asante, nimetulia sasa.

#11 Daktari wa Ng'ombe
Nimefika Glendalough nilipokuwa masomoni Dublin. Pazuri mno, ila mvua. Kuna mnara wa mawe wa mviringo, urefu kama mita 30, mlango wake uko juu ya ardhi kiasi kwamba lazima uwe na ngazi. Kevin aliujenga ili kujikinga na Waviking, maana hao jamaa walikuwa wakija kupora makanisa.

#12 Mzee Mgambo
Daktari, hesabu. Kevin kafa 618. Waviking walianza kuivamia Ireland mwaka 795. Alijikinga na watu ambao hata mababu zao hawajazaliwa? Ule mnara ni wa karne nyingi baada yake, na kazi yake kuu ilikuwa kengele.

#13 Daktari wa Ng'ombe
Muongoza watalii alisema hivyo. Lakini mlango bado uko juu, hilo halibishaniwi.

#14 Chumvi Nyingi
Mlango uko juu ili wadada wasiingie. Rejea #8.

#15 Mzee Mgambo
Tuache utani kidogo. Kevin Barry alitajwa kwa mstari mmoja tu kule juu, anastahili zaidi.

Kijana wa Dublin, amezaliwa Januari 1902, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza. Septemba 1920 kikundi chake cha wapiganaji kilivizia lori la askari wa Kiingereza waliokuja kuchukua mkate. Lengo lilikuwa bunduki. Risasi zikalia, askari watatu wakafa, nao walikuwa vijana kama yeye. Wenzake wakakimbia, bunduki yake ikagoma, akajificha chini ya lori lile lile. Lilipotaka kuondoka akaonekana. Mahakama ya kijeshi, kifungo, na tarehe 1 Novemba 1920 akanyongwa gereza la Mountjoy akiwa na miaka 18. Wakamzika ndani ya gereza. Akalala humo mpaka 2001, ndipo serikali ya Ireland ikawafukua yeye na wenzake tisa na kuwapa mazishi ya kitaifa.

Kwa maoni yangu huyu ndiye aliyelifufua jina. Shujaa wa miaka 18 akinyongwa na mkoloni, watoto wa mwaka unaofuata wote wanaitwa kwa jina lake. Hapa kwetu hamkuwaona kina Nyerere na kina Kenyatta wa mwaka 1964?

#16 Kevo wa Umoja
Mzee umenigusa. Kuanzia leo nataka kuitwa kamanda.

#17 Mwali wa Tanga
Mzee Mgambo shikamoo. Kufufua hapana, kukoleza labda. Mwaka ule Barry ananyongwa tayari kulikuwa na Kevin O'Higgins, aliyezaliwa 1892, na nyuma yake kulikuwa na Kevin Izod O'Doherty wa Dublin, aliyezaliwa 1823. Huyo O'Doherty naye alikuwa mwanafunzi wa udaktari, akaandika magazetini dhidi ya Waingereza, akapelekwa uhamishoni Tasmania 1849. Baadaye akawa daktari na mbunge huko Queensland. Jina lilikuwa hai kabla ya kamba ya Mountjoy.

Na O'Higgins kisa chake kinauma kuliko cha Barry. Baada ya uhuru nusu wa 1921 Waairishi wakagawanyika, wakapigana wao kwa wao. O'Higgins akawa waziri upande wa serikali. Desemba 1922 serikali ikaamuru wafungwa wanne wapigwe risasi, mmoja wao Rory O'Connor. Rory ndiye aliyekuwa mpambe wake siku ya harusi, mwaka mmoja tu nyuma. Na O'Higgins alikuwa miongoni mwa waliokubali. Mwaka 1927 naye akapigwa risasi akienda kanisani Jumapili.

#18 Nyamaume
Mpambe wako wa harusi??? Mimi wangu sijamrudishia hata suti na bado tunasalimiana.

#19 Mzee Mgambo
Marahaba mwanangu. Uliyosema kuhusu O'Higgins ni kweli. Lakini tofauti ipo kati ya jina kuwepo na jina kuvuma. Nyimbo waliimbiwa kina Barry, siyo mbunge wa Queensland.

#20 Mpiga Pasi
Queensland tena? Si ndiko alikotoka Kevin Rudd? Yule aliyeomba radhi bungeni Februari 2008 kwa wenyeji wa Australia walionyang'anywa watoto wao. Kumbe huko Kevin ana ukoo.

#21 Ssalongo wa Nsambya
Wakuu habari. Nimesoma zote ishirini nimecheka peke yangu. Mnatafuta aliyelileta jina Afrika Mashariki, mnapekua sinema na mipira. Kevin wa kwanza kutikisa nchi hizi alikuwa mwanamke.

Aliitwa Teresa Kearney. Amezaliwa 1875 Arklow, Wicklow, jimbo lile lile la Mtakatifu Kevin wa Katekista. Baba alikufa kabla hajazaliwa, mama akafa yeye akiwa mtoto wa miaka kumi, akalelewa na bibi. Akaingia utawa kwa Wafransisko huko London, na kwa desturi ya wakati ule akapewa jina jipya. Akachukua la mtakatifu wa kwao: Sista Mary Kevin. Januari 1903 yeye na wenzake watano wakafika Nsambya, Kampala. Walianza kutibu watu chini ya mwembe.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika, Waingereza walizoa vijana wa Uganda na Kenya kuwa wapagazi wa jeshi, kubeba risasi na unga kuelekea kwa Wajerumani huko Tanganyika. Ndiyo ile Carrier Corps iliyowapa nyinyi Kariakoo na Nairobi wakapata Kariokor. Wapagazi waliokuwa wakirudi hoi, kuhara na vidonda, wengi walitibiwa Nsambya na masista hawa. Waingereza walimpa nishani kwa kazi hiyo.

Kubwa lililomsumbua ni akina mama kufa wakati wa kujifungua. Tatizo ni kwamba Kanisa lilikataza masista kuzalisha. Hakukaa kunung'unika. Akashirikiana na daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, wakaanzisha pale Nsambya mafunzo ya wauguzi na wakunga wasichana wa Kiafrika. Roma ilikuja kulegeza katazo mwaka 1936, wakunga wa Nsambya tayari wako vijijini. Mwaka 1923 akaanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, makao yao Nkokonjeru. Wapo mpaka Kenya na Tanzania. Na wagonjwa wa ukoma akawajengea vituo Nyenga na Buluba.

Huku anaitwa Mama Kevina. Alifariki Marekani 1957, akazikwa? Hapana, Waganda walikataa. Mwili ukapelekwa Ireland, kutoka Ireland ukaletwa Uganda, akazikwa Nkokonjeru Desemba ile. Tangu 2016 mchakato wa kumtangaza mwenye heri umefunguliwa rasmi.

Kwa hiyo Kevin aliingia kwetu kwa mlango wa wodi ya wazazi.

#22 Bi Mkora
Ssalongo, posti yako moja imemaliza hasira zangu zote za #8.

#23 Katekista Mstaafu
Nashukuru sana. Niliwahi kufanya kazi na masista wa shirika hilo, sikujua mwanzilishi anatoka jimbo moja na mtakatifu wake. Ongeza na hili: mwaka ule ule wa 1903 ndipo Papa Pius X alipothibitisha rasmi ibada ya Mtakatifu Kevin.

#24 Chumvi Nyingi
Kwa hiyo Kevo wa Umoja ana jina la kike. Kamanda wetu.

#25 Kevo wa Umoja
Chumvi, hiyo itakugharimu.

#26 Ssalongo wa Nsambya
Chumvi anatania lakini hajakosea sana. Uganda, hasa kwa Wakatoliki wa zamani, Kevin au Kevina ni jina la kike. Nina shangazi wawili Kevina na binamu wa kike Kevin bila hiyo A.

#27 Nyamaume
Sasa naelewa! Miaka ya nyuma nilikuwa nanunua ndizi na kahawa mpakani Mutukula. Kuna mfanyabiashara wa Masaka tuliwasiliana kwa ujumbe tu, jina Kevin. Nikawa namwita kaka, bro, mzee wa kazi, namwambia tukikutana tutakunywa kitu. Siku ya kukutana akashuka mama mwenye gomesi la kung'aa, mabega yamesimama juu, na mume pembeni ananitazama. Mzigo nilipewa, lakini bei ilipanda.

#28 Mwali wa Tanga
😂😂 Mume alikuwa na haki.

#29 Mkaa Hamburg
Salaam kutoka baridini. Nimechelewa, ila upande wa Ujerumani niachieni.

Kwanza, Keegan. Alitoka Liverpool 1977 akaja hapa Hamburg, akakaa mpaka 1980, akachukua ubingwa wa ligi 1979 na tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya mara mbili, 1978 na 1979. Wazee wa hapa ukimtaja wanatabasamu. Kabla yake Mjerumani kuitwa Kevin ilikuwa kama Mzaramo kuitwa Günter. Miaka ya themanini Kevin wakaanza kuonekana, na 1991 likawa jina nambari moja la watoto wa kiume nchini. Mwaka huo ndio sinema ya Mpiga Pasi ilikuwa majumba yote ya hapa, na Kevin Costner kashinda Oscar.

Halafu ikageuka. Kila mtu alipolitumia, wenye nacho wakalikimbia, likabaki kuhesabiwa jina la watu wa kipato cha chini. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliowauliza walimu wa shule za msingi kuhusu majina ya wanafunzi. Kevin akawa wa kwanza kwa kudhaniwa mtukutu na mzito wa masomo, kabla hajafungua daftari. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina bali ni matokeo ya vipimo vya daktari. Siku hizi kuna neno kabisa, Kevinismus, la kumcheka mzazi anayempa mtoto jina la kigeni la kujionesha.

Mwanangu wa kwanza ni Kevin, jina la babu yake mzaa mama, mtu wa Kisumu. Siku ya mkutano wa wazazi mwalimu alisoma orodha, akafika kwetu, akainua macho kwanza. Niliyaona yale macho. Mtoto anafanya vizuri, namshukuru Mungu, lakini wa pili tulimwita Juma.

#30 Mpiga Pasi
Mkuu hii imenistua. Yaani jina lile lile, Uganda unalipigia magoti, Ujerumani linakupunguzia maksi?

#31 Mkaa Hamburg
Ndivyo. Na Wafaransa vilevile wanawacheka kina Kévin wao. Ila kule lilishapaa kileleni kabla hata sinema haijatoka, kwa hiyo sinema peke yake haielezi. Wapo wanaosema ni tamthilia za Kimarekani za kwenye televisheni. Angalieni tu miaka ya kuzaliwa: De Bruyne Mbelgiji 1991, Kevin Mayer Mfaransa 1992, huyu ndiye mwenye rekodi ya dunia ya michezo kumi, pointi 9126 mwaka 2018. Kevin Trapp kipa wa Ujerumani 1990. Kevin Großkreutz 1988, bingwa wa dunia 2014 bila kucheza dakika hata moja kule Brazil.

#32 Chumvi Nyingi
Huyo Großkreutz ndiye mfano wangu wa kuigwa.

#33 Mrundi wa Kigoma
Amahoro. Mmemtaja De Bruyne mmempita kama basi la mchana. Mama yake amezaliwa Burundi. Kwa desturi zetu huyo ni mtoto wa dada, akija nitamdai mbuzi.

#34 Nyamaume
Mamaye ni Mzungu aliyezaliwa Burundi, mkuu. Punguza kasi na huyo mbuzi.

#35 Mrundi wa Kigoma
Kitovu kikizikwa kwetu ni kwetu. Mbuzi yuko palepale.

#36 Kelvin Halisi
Mimi jina langu ni Kelvin, na nawaomba mtutaje. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kwa saa 2:00:35 Chicago, Oktoba 2023, hakuna Kevin wenu aliyewahi kufanya hivyo. Kelvin Yondani kazuia washambuliaji Simba na Yanga miaka mingi. Kelvin John alipita Genk, klabu ile ile aliyopita De Bruyne. Mbona uzi unatubagua?

#37 Daktari wa Ng'ombe
Kelvin, hujabaguliwa, wewe ni ukoo mwingine. Kelvin ni mto unaopita Glasgow, Scotland. Mwanasayansi William Thomson alipopewa ubwana mwaka 1892 akachukua jina la mto huo uliokuwa karibu na chuo chake, akawa Lord Kelvin. Kutoka kwake ndipo tukapata kipimo cha joto, kile ambacho sifuri yake ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri tuliyoizoea.

#38 Chumvi Nyingi
Kumbe! Mimi nilidhani Kelvin kafupishwa kutoka Kelvinator, friji la babu.

#39 Daktari wa Ng'ombe
Hata hilo friji limepewa jina la bwana huyo huyo. Kwa mara ya kwanza umesema kitu.

#40 Mwali wa Tanga
Na msisahau, huyo Lord Kelvin alizaliwa Belfast, 1824. Kwa hiyo Kelvin naye anarudi Ireland kwa mlango wa nyuma.

#41 Kelvin Halisi
Mmenimaliza. Shida yangu ni kwamba cheti cha ubatizo kinasema Kevin, cheti cha kuzaliwa Kelvin, na cheti cha shule Kelvine. Nilikwenda ofisi moja kuomba kitambulisho, karani akanitazama akasema nilete ndugu zangu wote watatu.

#42 Katekista Mstaafu
Hilo kosa nalijua kwa undani. Padri anatamka Kevin, mwandishi wa parokia anasikia Kelvin, baba anakubali kwa heshima. Nimeliona mara nyingi. Ndiyo sababu mimi naamini jina lililetwa na wamisionari wa Kiairishi, siyo na sinema. Kenya Masista wa Loreto walifika 1921. Mapadre wa Kiltegan wamefanya kazi Turkana na Eldoret miaka mingi, na hiyo Kiltegan penyewe ni kijiji cha Wicklow. Mnaona jimbo hilo linavyojirudia? Pale Iten, shule ya St Patrick's, Bruda Colm O'Connell kafika 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia, akaishia kumnoa David Rudisha.

#43 Kevo wa Umoja
Naunga mkono Katekista. Bruda Colm ni shujaa. Shule imejaa miti iliyopandwa na wanariadha waliopata medali.

#44 Nyamaume
Napinga. Mimi ni Msabato wa Mara, kwetu hakuna padri wala sista, na mdogo wangu ni Kevin. Jirani yetu Mlutheri ana Kevin. Juzi Rwanda nimemwangalia Muhire Kevin uwanjani. Kama ni wamisionari wa Kiairishi, mbona hatukuletewa kina Lorcán na kina Fintan? Watakatifu wa Ireland ni wengi kama siafu, kwa nini apenye huyu mmoja?

#45 Mwali wa Tanga
Kwa sababu linatamkika. Kevini. Silabi tatu safi. Hilo Caoimhín hata mwenye nalo anahema akiliandika.

#46 Ssalongo wa Nsambya
Kuna anayesema ilikuwa kalenda: mtoto akizaliwa siku ya mtakatifu anapewa jina lake. Siku ya Mtakatifu Kevin ni tarehe 3 Juni. Sasa kwetu Uganda tarehe 3 Juni ni siku ya Mashahidi wa Namugongo, waliochomwa moto 1886, na watu hutembea kwa miguu kutoka Kenya, Kongo na Tanzania kuja kuhiji. Mtoto wa siku hiyo anaitwa Lwanga, Karoli, Kizito. Kevin hana nafasi kwenye kalenda yake mwenyewe. Kwa hiyo kina Kevina wetu ni wa Mama Kevina, siyo wa kalenda.

#47 Katekista Mstaafu
Hoja nzuri. Hata Glendalough kwenyewe sherehe ya tarehe 3 Juni iliwahi kupigwa marufuku na Kanisa karne ya 19, kwa sababu mahujaji walimaliza sala wakaanza pombe, wakimaliza pombe wanaanza fimbo.

#48 Bi Mkora
Sasa hapo ndipo napoamini kuwa ni ndugu zetu.

#49 Mzee Mgambo
Wapenda riadha, mmemsahau Kevin Young, Mmarekani. Barcelona 1992 alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 46.78, binadamu wa kwanza kushuka chini ya 47. Rekodi ilikaa mpaka 2021 Warholm wa Norway alipoivunja. Na aliyekuwa wa kwanza kushuka chini ya 48 ni nani? John Akii-Bua wa Uganda, Munich 1972, 47.82, akiwa njia ya kwanza kabisa ya ndani, mbaya kuliko zote. Dhahabu ya kwanza ya Uganda.

#50 Ssalongo wa Nsambya
Mzee, hapo umenipa chai na chapati.

#51 Kevo wa Umoja
Mpira pia. Kevin Moran wa Manchester United, 1985, mtu wa kwanza kutolewa nje na refa fainali ya Kombe la FA. Wakiwa kumi wakaifunga Everton 1-0. Kevin Sheedy akaifungia Ireland dhidi ya Uingereza Kombe la Dunia 1990, moja moja.

#52 Mkaa Hamburg
Na Kevin-Prince Boateng, mtoto wa Berlin aliyeichezea Ghana, 2010 akakutana na mdogo wake Jérôme upande wa Ujerumani. Ndugu wa baba mmoja, jezi mbili. Ukiniuliza kuhusu Kevinismus, huyo ndiye jibu lao.

#53 Mwali wa Tanga
Sheedy alizaliwa Wales, Kevo. Ireland ya kocha Jack Charlton ilikuwa inaokota watu kila kona.

#54 Kevo wa Umoja
Goli lilizaliwa wapi? Basi.

#55 Kelvin Halisi
Wakuu, kabla uzi haujaingia kwenye mpira moja kwa moja: zile karatasi tatu, nifanyeje? Kuna mwanasheria humu?

#56 Bi Mkora
Nenda kwa wakili ukaape kiapo kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja, kisha uchague moja ulisajili rasmi. Mwanangu alifanya hivyo, yake yalikuwa Zuhura na Zuhra tu, na ilichukua msimu mzima wa maembe. Ila chagua mapema kabla hujaoa, usije ukafunga ndoa kama Kelvine.

#57 Kelvin Halisi
Asante mama. Nachukua Kevin au Kelvin?

#58 Ssalongo wa Nsambya
Ukija Masaka, Kelvin.

#59 Mkaa Hamburg
Ukija Hamburg, Juma.